Kasi Anayo, Breki Je?

Jumamosi iliyopita, yapata saa kumi na moja alfajiri, mpwa wangu alinigongea dirisha. Moyo uliniruka, maana kwetu dirisha likigongwa saa hizo huwa ni msiba, au kuna mtu ameshikwa na uchungu wa kujifungua. Kumbe alitaka kutazama mpira. Mamake, ambaye ni dadangu, amempiga marufuku kukesha na simu, naye akakumbuka kwamba mjomba ana televisheni na moyo laini.

Mpira wenyewe ni basketboli, ligi ya NBA ya Marekani, ambayo huchezwa usiku wao na kutufikia sisi wakati wa daku. Tukakaa, mimi na kahawa yangu, yeye na macho yake. Kwenye kioo kulikuwa na kijana mmoja, pointi gadi wa miaka ishirini na kitu, akipenya katikati ya majitu kama tuktuk katikati ya malori ya Changamwe. Kila alipopaa, mpwa wangu alipaa naye kwenye kochi. Mwisho akanigeukia: "Mjomba, huyu amenizidi jezi tu."

Sikucheka. Kijana ana miaka 17, na kusema kweli pale kwenye kiwanja chetu cha simiti hakuna wa kumshika kwa mbio. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Alipokuwa akipanda ngazi zangu alipanda upande upande, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake. Nikamuuliza, "Goti hilo?" Akajibu, "La, mjomba, nimelala vibaya tu."

Jibu hilo nalijua. Nililitunga mimi, kabla yeye hajazaliwa.

Wiki mbili zijazo anakwenda kujaribiwa na klabu moja ya hapa mjini. Kwa hivyo makala ya leo nimemwandikia yeye, na wenziwe wanaojaa viwanjani baada ya alasiri, na wazazi wanaoniuliza kama kweli kuna mustakabali katika kukimbia na mpira. Nataka nieleze jinsi vijana wa aina yake wanavyokomaa wanapofika kule juu kabisa, maana kinachoonekana kwenye televisheni ni tunda tu. Mti hatuoneshwi.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: timu ina watu watano uwanjani, na pointi gadi ndiye nahodha wa chombo. Yeye hupokea mpira nyuma, akaupandisha huku akiudunda, akaamua nani apate na apate wapi. Kwa sheria za NBA timu ina sekunde 24 za kutupa mpira kikapuni, na 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Ndani ya muda huo nahodha anatakiwa kuwasoma wenzake wanne na maadui watano, huku mmoja wa maadui hao akimpumulia usoni. Ni kazi ya kichwa. Sasa fikiria unampa kazi hiyo kijana wa miaka 19 ambaye maisha yake yote hajahitaji kufikiri uwanjani, kwa sababu miguu ilimtangulia mtu yeyote aliyesimama mbele yake.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Shuleni na chuoni, kijana mwenye kasi na mruko hupita ukuta wa kwanza akakutana na kikapu kitupu. Kwenye ligi ya kulipwa akipita ukuta wa kwanza anakutana na mtu wa zaidi ya mita mbili ambaye naye anaruka, tena amesoma mikanda yake ya video wiki nzima na anajua anapenda kuishia mkono gani. Kasi ile ile iliyokuwa silaha inamfikisha kwenye ajali mapema zaidi. Ameshapaa hewani, njia imezibwa, na mpira hana pa kuupeleka. Makocha wana kanuni moja ya kale juu ya hili: usiruke kabla hujajua utafanya nini ukiwa juu. Ni kanuni rahisi kuisema, ngumu mno kwa mtu ambaye kuruka ndiko kulikomlisha.

Na klabu zinawapenda vijana hawa kwa sababu ya msingi. Kuanzia msimu wa 2004-05, NBA ilikaza sheria inayomkataza mlinzi kumwekea mkono mchezaji wa pembeni anayekuja na mpira kumkabili. Zamani mlinzi mzito aliweza kumshika kijana mwepesi kiunoni na kumwongoza atakapo, kama unavyomwongoza mbuzi. Mkono ulipoondolewa, mwepesi akawa mfalme. Haishangazi kwamba miaka iliyofuata timu zilianza kutumia nafasi zao za juu za kuchagua wachezaji wapya kwa mapointi gadi wenye miguu ya moto.

Mwaka wa 2008 ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu ulitoa wawili wa rika moja kabisa. Derrick Rose, mzaliwa wa Chicago, Oktoba 1988, alichaguliwa wa kwanza na klabu ya mji wake, Chicago Bulls. Russell Westbrook, mzaliwa wa California, Novemba 1988, alichaguliwa wa nne na Seattle SuperSonics, klabu ambayo siku chache baadaye ilihamishiwa Oklahoma City, na baadaye ikapewa jina la Thunder. Wote wawili walikuwa na miili ambayo Mungu hagawi kila siku. Wote wawili hawakujua kutupa mpira kutoka mbali.

Tuanze na Westbrook. Chuoni kwake, UCLA, hakuwa hata pointi gadi hasa. Kazi hiyo ilikuwa ya Darren Collison, na yeye alijulikana zaidi kwa kukaba. Thunder wakamkabidhi usukani ligi kuu. Msimu wake wa kwanza alipoteza mpira zaidi ya mara 3 kila mchezo, na mitupo yake haikufikia 40 katika kila 100 iliyoingia. Timu ilishinda michezo 23 kati ya 82. Ningekuwa mzee wa klabu ile ningekuwa nimeshaanza kumtafutia mrithi.

Wao walimwacha aharibu. Sisemi hivyo kwa dharau, ndivyo mafunzo yanavyokwenda. Timu ilikuwa changa, Kevin Durant mwenyewe alikuwa na miaka 20, hakuna aliyetarajia kombe, na kwa hivyo kila pasi iliyopotea ilikuwa ada ya shule. Msimu uliofuata walishinda 50. Mwaka 2012 walikuwa fainali, wakashindwa na Miami Heat. Na mwaka 2017 Westbrook alitawazwa mchezaji bora wa ligi baada ya kufikisha tarakimu mbili kwa wastani katika pointi, ribaundi na pasi za kufungisha, jambo lililofanywa mara moja tu kabla yake, na Oscar Robertson, msimu wa 1961-62.

Lakini hapa nataka msomaji anielewe vizuri. Hata mwaka huo wa utukufu, Westbrook alipoteza mpira zaidi ya mara 5 kila mchezo, na mtupo wake wa mbali haukupata kuwa wa kutegemewa hadi leo. Alichojifunza ni kitu kingine: kusimama. Alijifunza kuja mbio kama anayekwenda hadi mwisho, kisha akafunga breki ghafla kwenye pembe ya mstari wa penalti, akaruka moja kwa moja juu na kutupa, wakati mlinzi bado anarudi nyuma akidhani gari linaendelea. Kasi ikawa kitisho anachokitumia ili apate kutulia.

Hilo la breki ndilo ninalotaka kulikalia kidogo, maana ndilo wengi wetu hatulioni tunapotazama.

Mchezo wa leo wa NBA umejengwa juu ya kitendo kimoja. Mtu mrefu wa timu yako anakuja kusimama kama nguzo pembeni mwa mlinzi wako, nawe unapita ukimgusa bega, ili mlinzi akwame kwenye nguzo. Basi. Mambo mengi mengine ni matawi ya mti huo. Sasa mlinzi ana njia mbili kubwa: apite juu ya nguzo akufuate mgongoni, au apite chini yake, nyuma ya nguzo, akusubiri upande wa pili. Akipita chini amekuachia nafasi ya kutupa. Anakwambia kwa vitendo: tupa, sikuogopi.

Kwa kijana mwenye miguu bila mtupo, walinzi wote wa ligi hupita chini. Habari zake husambaa katika mwezi mmoja. Yeye anatoka upande wa pili wa nguzo na kumkuta mtu ameshamsubiri, mita mbili nyuma, pumzi tele. Mbio zake zimefutwa bila mtu kukimbia. Ndiyo maana wanaosema "mtupo utakuja wenyewe, muhimu ni kasi" wanakosea kwa hesabu nyepesi tu: bila mtupo, kasi yenyewe haipati pa kutumika.

Rose aliliona hili mapema. Msimu wake wa kwanza alijaribu mitupo 72 ya pointi tatu akaingiza 16. Wa pili akajaribu 60, zikaingia 16 tena. Kisha likizo ya 2010 akajifungia mazoezini, na msimu wa 2010-11 akaingiza 128 kati ya 385. Asilimia 33 si ya kujivunia mbele ya watupaji hasa, lakini ilitosha. Mlinzi akilazimika kupita juu ya nguzo, mlango umefunguka, na Rose akishaona mlango hakuna aliyemfikia. Bulls walishinda michezo 62, naye akatangazwa mchezaji bora wa ligi akiwa na miaka 22. Hajatokea mwingine mdogo kuliko yeye.

Nitarudi kwa Rose. Kwanza nimlete Mfaransa, kwa sababu somo lake ni la polepole zaidi na mimi kwa umri wangu nalipenda zaidi.

Tony Parker alichaguliwa wa 28 mwaka 2001 na San Antonio Spurs, akiwa na miaka 19. Hakuwa mrukaji wa kutisha, kipawa chake kilikuwa hatua ya kwanza: ukipepesa jicho ameshapita. Na tofauti na Westbrook, aliangukia timu iliyokuwa ikitafuta kombe sasa hivi, chini ya kocha Gregg Popovich, mtu asiyejulikana kwa maneno matamu. Hapo hakuna kuachwa uharibu. Alipewa nafasi ya kuanza mapema, lakini kamba ilikuwa fupi. Katika mchezo wa mwisho wa fainali za 2003, Spurs wakikaribia kombe, aliyeshika usukani robo ya mwisho alikuwa Speedy Claxton, mchezaji wa akiba, si Parker. Halafu, kama vile hilo halikutosha, baada ya kombe klabu ilijaribu kumleta Jason Kidd, pointi gadi mkubwa wa enzi hiyo, aje achukue nafasi yake. Kidd aliamua kubaki New Jersey.

Fikiria uko na miaka 21, una kombe mkononi, na mwajiri wako anatafuta wa kukurithi mchana kweupe. Kuna vijana wangegoma. Parker akabaki, akaongeza mambo.

La kwanza ni ule mtupo wa tone. Anaingia ndani, kabla hajafika kwa yule jitu anayelinda kikapu anaudokoa mpira juu kwa mkono mmoja, unapanda juu kuliko mikono ya jitu, kisha unadondoka kikapuni kama tone la mvua kutoka kwenye makuti. Uzuri wa mtupo huu ni kwamba unamwokoa mtu mfupi na mgongano. Haendi kushindana mruko na mtu aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima. Anamaliza kazi kabla ugomvi haujaanza.

La pili ni ukarabati. Mwaka 2005 Spurs walimwajiri kocha wa mitupo, Chip Engelland, naye akafanya jambo ambalo lingewashangaza vijana wetu: alimpunguzia. Parker aliacha karibu kabisa kutupa za pointi tatu. Alirudishwa karibu, akafundishwa upya namna ya kuushika mpira, akaanza kujenga kutoka ndani kwenda nje. Msimu huo wa 2005-06 karibu 55 katika kila mitupo 100 yake iliingia, hesabu ya watu warefu wanaocheza chini ya kikapu, naye ana mita 1.88. Mwaka 2007 alikuwa mchezaji bora wa fainali, wa kwanza kutoka Ulaya. Alicheza misimu 18, akavuna makombe manne. Miguu yake ya miaka 35 haikuwa ile ya 19, lakini kufikia wakati huo haikuwa ikifanya kazi peke yake.

Sitakaa sana kwa Kidd mwenyewe, ila kisa chake ni kitamu. Alipoingia ligi mwaka 1994 alikuwa kasi na pasi tupu. Watani walimwita "Ason", Jason asiye na J, kwa vile herufi J ndiyo iliyobeba jina la mtupo wa kuruka kwa Kiingereza. Mwaka 2004 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa goti. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa wa tatu katika historia ya ligi kwa wingi wa mitupo ya pointi tatu iliyoingia, 1,988, na alikuwa amenyanyua kombe na Dallas mwaka 2011 akiwa na miaka 38. Asiyejua kutupa amestaafu mtupaji. Ilimchukua miaka kumi na zaidi.

Sasa turudi Chicago.

Tarehe 28 Aprili 2012, mchezo wa kwanza wa mtoano, Bulls dhidi ya Philadelphia. Bulls wanaongoza kwa pointi 12, imebaki dakika moja na kitu. Rose anaingia ndani kama alivyoingia mara elfu, anaruka kidogo ili atue kwa miguu miwili na kusimama, mtindo wake wa kila siku. Hakuna aliyemgonga. Anaushika mguu wa kushoto, anakaa chini. Kano ya ndani ya goti imekatika.

Aliukosa msimu mzima uliofuata. Akarudi, na Novemba 2013 likaenda gegedu la goti la pili, la kulia, baada ya michezo 10 tu. Wako wanaomlaumu kocha Tom Thibodeau kwa kumwacha uwanjani mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Mimi huwa siingii kwenye ubishi huo. Dakika ile ingeweza kuwa dakika ya tatu ya mchezo au ya kesho yake. Ninachokiona ni kwamba msimu ule alikuwa ameshakosa michezo mingi kwa maumivu ya hapa na pale, kidole, mgongo, kinena, kifundo cha mguu. Mwili ulikuwa ukituma barua.

Watu hudhani kano ile hukatwa na mgongano. Mara nyingi sivyo. Hukatika mtu akiwa peke yake, anapofunga breki, anapogeuka ghafla, anapotua vibaya. Maana yake ni kwamba kadiri injini ilivyo kubwa, ndivyo breki zinavyobeba mzigo. Wanaoishi upande wa Likoni wanalijua hili bila kusoma: gari linaloteremka kuelekea feri hakuna anayeuliza lina nguvu gani. Na ndiyo maana siku hizi klabu za kulipwa hutumia saa nyingi kuwafundisha vijana kutua na kusimama: goti lisiingie ndani, nyonga ishuke, misuli ya paja na ya makalio ishike mzigo badala ya kano. Mazoezi ya namna hiyo yamethibitika kupunguza majeraha, na hayahitaji mashine hata moja. Yanahitaji robo saa kabla ya mpira na mtu wa kukutazama.

Rose hakufa kimchezo, nashukuru. Alipanda tena akiwa mchezaji mwingine, anayetupa zaidi na kupaa kidogo. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2018, akiwa Minnesota, alifunga pointi 50 dhidi ya Utah, wingi ambao hakuwahi kuufikia hata mwaka wa ufalme wake. Mchezo ulipokwisha alikuwa akilia mbele ya kamera. Nami nilikuwa kwenye kochi hili hili. Alistaafu 2024.

Sasa la kwangu, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina utukufu. Nilicheza pointi gadi hapa Mombasa, enzi ambazo viatu vya basketboli vilipitishwa kutoka kwa kaka hadi mdogo. Nilikuwa mwepesi. Nilipokuwa na miaka 19 goti lilianza kuuma chini ya kifuniko, asubuhi hasa, na kwenye ngazi. Nilikandwa kwa mafuta ya karafuu, nikafungwa kitambaa, nikaambiwa mwanamume hachechemei. Timu niliyochezea ilikuwa na mashindano, na mimi niliogopa mtu wa akiba asije akapata nafasi. Nikawa natabasamu na kusema nimelala vibaya. Miaka mitatu baadaye, katika mazoezi tu, si hata mchezo, niligeuka kushoto na goti likabaki limetazama mbele. Nilikuwa na miaka 22, umri ule ule aliotawazwa Rose.

Maumivu ya namna ile kwa kijana anayeruka kila siku kwenye simiti ni ya kawaida sana, na mengi hutulia kama mtu akipunguza mruko mapema na kujenga misuli kwa utaratibu. Yanayoharibu ni kuficha. Mtaalamu wa viungo angeniambia haya kwa nusu saa. Sikumwendea, kwa sababu katika hesabu zangu kasi ilikuwa kila nilicho nacho. Ikipungua wiki mbili, mimi ni nani?

Hilo ndilo swali lililo ndani ya kila kijana wa aina hii, wa Chicago au wa kwetu. Westbrook, Parker na Kidd waliweza kupunguza mwendo kwa sababu walikuwa wameshaanza kuwa na kitu kingine: breki, tone, mtupo, macho. Mpwa wangu bado ana kimoja tu. Nami sioni ajabu kwamba anakilinda kwa uongo.

Jumapili nilimwendea dadangu. Nilitaka kumpasha habari, lakini kijana alikuwa ukumbini, nikamwambia aseme mwenyewe. Alinitazama jicho la kunila. Kisha akamwambia mamake: goti la kulia, tangu mwezi wa Ramadhani. Dadangu hakupiga kelele. Alinigeukia mimi: "Kaka, nawe ulijua?" Nikamwambia nimejua jana. Akasema, "Wewe hungekosa kujua."

Jumatano walikwenda hospitali. Hakuna kilichokatika. Amepewa wiki sita bila kuruka, na karatasi ya mazoezi ya paja na nyonga ambayo dadangu ameibandika kwenye friji. Kocha wa ile klabu, nilipompigia, alinisikiliza akaniambia majaribio yapo tena baadaye mwaka huu, na kwamba wenye mbio anao wengi, aje siku anajua kutupa. Maneno hayo sijamfikishia mpwa wangu yote.

Hajanisamehe bado. Alfajiri ya Jumamosi hii dirisha halikugongwa. Lakini jana kabla ya magharibi nilipita kiwanjani nikamwona peke yake, amekalia kiti cha plastiki mbele ya kikapu, miguu chini, akitupa mpira kwa mikono tu. Hilo ni zoezi halisi, na si mimi niliyemfundisha. Nilisimama nyuma ya mwembe nikahesabu kumi. Zilizoingia zilikuwa nne.